Mvuvi Ndiye Aliyemwona Kwanza

Juzi kule Sahare nilimkuta mjomba mmoja akishona jarife. Nikamuuliza habari za silikanti, yule samaki wa kale wa kilindini. Akaweka sindano chini, akapima kwa mikono urefu wa yule aliyemnasa kabla ya hifadhi ya bahari ya silikanti kuanzishwa hapa Tanga mwaka 2009. "Mapezi yake yana mashina ya nyama, mwanangu, kama viguu." Akanitajia na pima alizotega, na kwamba ulikuwa msimu wa kusi.

Taarifa za namna hii ndizo wataalamu wa viumbe wamekuwa wakiandikiana miaka yote. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, aliona samaki wa ajabu kwenye meli ya uvuvi, akamchora, akampelekea mchoro kwa barua mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua kwamba silikanti, aliyedhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60, yu hai. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14, hadi alipopatikana Komoro mwaka 1952. Na wavuvi wa visiwa vile walikuwa na jina lake tayari: gombessa.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Tunahesabu ugunduzi tangu barua ilipofika, si tangu samaki alipoingia mtumbwini. Hata milimani ni yaleyale. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao ua la Usambara linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata likaitwa Saintpaulia, kwa jina la ukoo wake.

Nataka mvuvi wa Sahare na mkulima wa Amani, kule milima ya Usambara, wapashane habari kwa Kiswahili: tarehe, kina, hali ya mvua, picha ya simu, na jina la aliyeona, akiridhia. Mahali hasa penye ua adimu tusipataje hadharani, maana wapo wa kuling'oa wakauze.

Nilimsomea mjomba nilichoandika. Akanisimamisha kwenye rangi ya silikanti. "Usiseme bluu tu. Ni kama chuma kilicholowa, na madoa meupe." Nikafuta, nikaandika alivyosema, na jina lake pembeni.