Bei ya Simu, Bei ya Kaunta

Binamu yangu alikuja Mombasa kwa harusi, akalala usiku mmoja katika hoteli ya Nyali. Kwenye simu chumba kilikuwa shilingi 9,000. Asubuhi ya kuondoka, mapokezi wakamsogezea bili: ada ya huduma asilimia 10, VAT asilimia 16, tozo ya utalii asilimia 2. Ile elfu tisa imekuwa 11,520. Alilipa bila kelele, ila tulipofika Makupa alikuwa bado ameikodolea macho risiti.

Uwanja wa ndege wa Moi yakamkuta mengine. Tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini, ile ya mkoba wa mkononi tu, na yeye amebeba halwa, mabuyu na achari za embe za kulisha mtaa mzima wa Nairobi. Sanduku likalipiwa pale pale kaunta, ghali kuliko lingelipiwa mapema. Nikajua leo patachimbika. Wapi! Alitoa pesa huku akicheka: "Hii nilionywa, nikapuuza mwenyewe."

Nalitaja hili kwa sababu wasafiri wakilalamikia ada za ziada, jibu la mjini ni lile lile: kama huna hela kaa kwenu. Huyu hela alikuwa nazo. Asubuhi moja alitozwa mara mbili, ya sanduku akaicheka, ya hoteli ikamuuma.

Mashirika ya ndege yana hoja, na tuisikie. Anayekwenda Nairobi asubuhi kwa kesi mahakamani na kurudi jioni, mkononi ana faili tu, kwa nini achangie sanduku la mwenzake? Mashirika makubwa ya Marekani yalipoanza kutoza begi la kwanza mwaka 2008, watu walilia sana. Leo biashara ya nauli nafuu, Jambojet ikiwamo, imejengwa juu ya wazo hilo. Tena si kila shilingi iliyo kwenye tiketi ni yao. Ile ada ya abiria, shilingi 600 kwa anayesafiri ndani ya nchi au dola 50 kwa anayekwenda nje, ni ya serikali. Shirika ni mkusanyaji tu.

Ninapokwama ni kwenye ada ya mafuta. Katika tiketi nyingi za kimataifa hujificha nyuma ya herufi YQ, na hata aliyekusanya pointi miaka mitatu apate safari ya "bure" huweza kukutana nayo. Ndege haipai kwa dua. Sijapanda matatu ya Bamburi nikadaiwa nauli kisha petroli kando.

Wenye hoteli nao hawakosi la kusema. Masika yakiingia pwani hupwaya, vyumba vitupu, vibarua wanarudishwa makwao. Mawakala wa mtandaoni wanakata kamisheni yao. VAT na tozo ya utalii ni za serikali, na mgeni ana haki ya kuona kodi yake inakwenda wapi. Yote kweli. Lakini kuonyesha mchanganuo ni jambo moja, na kuuleta mgeni akishalala ni jingine. Hata karamu ya mkesha wa mwaka mpya, ambayo baadhi ya hoteli za ufukweni humlazimisha mgeni ailipie, haina ubaya ikitajwa siku ya kuweka nafasi. Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumtoza mteja ada ambayo hakujulishwa kabla ya huduma, iitwe jina lolote.

Turudi kwenye ile 2,520 iliyozidi, maana inanikera kuliko mgeni mwenyewe. Chukua hoteli mbili jirani, gharama sawa. Moja inaandika 11,520, yaani ukweli wote. Ya pili inaandika 9,000. Mteja anapanga orodha kwa bei, ya chini juu. Hoteli ya mkweli inazama ukurasa wa tatu, na meneja wake akiitwa na wenye mali aeleze vyumba vitupu, atawaambia nini? Mwezi ujao naye ataandika 9,000. Ndiyo maana siamini kwamba hoteli zitajirekebisha zenyewe kwa wema. Ni lazima zifungwe zote kamba moja. Umoja wa Ulaya ulizibana ndege tangu 2008: bei inayotangazwa iwe na kodi na ada zote zisizoepukika. Marekani ilifuata kwa ada za lazima za malazi mwezi Mei 2025, ingawa kodi za serikali zaweza kubaki nje ya bei hiyo. Hakuna aliyepunguziwa uhuru wa kupanga bei. Panga uipendayo, ila iandike yote.

Na hiyo ada ya huduma yenyewe ni ya nani? Sheria ya VAT inaiondolea kodi, isipozidi asilimia 10, endapo inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja, kwa kuwa inasimama mahali pa bahashishi. Yaani wabunge walimfikiria mhudumu. Mgeni naye anaisoma hivyo hivyo. Binamu yangu alikuwa ameshaikunja noti ya mia tano kwa ajili ya kijana aliyemletea chai na mahamri na kumshushia sanduku ngazi mbili, lifti ikiwa mbovu. Alipoona 900 za huduma kwenye bili, akairudisha mfukoni. Kwake yeye kijana ameshalipwa.

Nilibaki nyuma kidogo, nikamuuliza yule kijana kama fungu lake humfikia. Akatazama mapokezi kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Hiyo, kaka, mie naiona kwenye bili tu, kama nyinyi."