Jirani yangu alishinda, akapunguza sauti ya televisheni

Jumatatu ya tarehe 15 Agosti 2022, jua likielekea kuchwa, ukumbi wa nyumba yetu hapa Kisauni, Mombasa, ulijaa watu hata waliochelewa wakabaki wamesimama mlangoni. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku, bomba na choo uani. Televisheni ilikuwa imetolewa chumbani kwangu ikawekwa juu ya kreti la soda. Tulikuwa tunaingojea Bomas, ule ukumbi wa Nairobi ambako matokeo ya kura ya rais yalitangazwa, kama tulivyoingojea tangu kura zilipopigwa Jumanne iliyotangulia. Kwaya zikaimba, zikachoka. Mara tukaletewa habari kwamba makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi wako hoteli ya Serena, wakisema hawayatambui matokeo yanayokaribia kutangazwa. Mara watu wakapanda jukwaani Bomas, wakasukumana na askari, viti vikaruka. Mwishowe Wafula Chebukati, mwenyekiti wa tume, ambaye sasa ni marehemu, akarudi kwenye kipaza sauti na kusoma.

Ruto 7,176,141. Raila 6,942,930.

Pale ukumbini hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja aliyekuwa na kikombe cha kahawa mkononi alikiweka chini, akajishika goti, akainuka, akaelekea msikitini na adhana bado. Kijana wa chumba cha pili alikuwa amevaa fulana ya Azimio, muungano wa Raila, tangu asubuhi. Akaivua, akaikunja vizuri kama nguo ya Idi, akaingia nayo ndani.

Chumba cha mwisho mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa. Humo hukaa mama muuza mboga, mzaliwa wa Murang'a kule Mlima Kenya, aliyepanga hapa kabla yangu. Kuta za nyumba hizi hazifiki juu, kwa hiyo nilikuwa naisikia televisheni yake ikisema yale yale yaliyosemwa na yetu. Chebukati alipolitaja jina la mshindi, ile sauti ya upande wa pili ikashuka. Ikashuka tena, mpaka ikawa mnong'ono. Nilidhani umeme umepungua.

Ilichukua miezi kabla hajaniambia. Tulikuwa uani, yeye akichambua sukuma wiki, mimi nikisubiri ndoo ijae. "Mwanangu," akasema, "siku ile nilishinda lakini sikulala." Begi lake la nguo alikuwa amelifunga tangu Jumamosi kabla ya kura, na kitambulisho na kadi ya benki alivitia kwenye soksi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kibanda chake kilivunjwa na vijana aliokuwa akiwakopesha nyanya. Wengine bado hununua kwake. Huwauzia, huwarudishia chenji, wala hajawahi kuwauliza.

Nimeandika haya kwa sababu tarehe 10 Agosti 2027 inakuja, na nimeanza kusikia tena wimbo wa amani. Tutasifiwa kama tulivyosifiwa mwaka 2022. Na kweli, ukilinganisha na 2007 tuna la kushukuru. Wakati ule walikufa watu zaidi ya 1,100 na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mwaka 2022 matairi yalichomwa Kondele kule Kisumu, Kibera kukawa na ghasia za usiku mmoja, Eldoret wakacheza barabarani mpaka alfajiri, kisha maduka yakafunguliwa. Lakini mimi nilikuwa ndani ya hiyo amani, na najua ilivyofanana. Aliyeshinda alizima furaha yake asije akavunjiwa. Sisi tulioshindwa tuliambiwa tukubali tusonge mbele. Vimya viwili hivyo vikahesabiwa kuwa utulivu wa taifa.

Nami nilikuwa upande wa Baba, yaani Raila, sifichi. Raila aligombea mara tano, na wengi wetu hapa pwani tulihisi ile ya tano ndiyo. Rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, alikuwa naye, magavana wengi walikuwa naye, tafiti nyingi za wiki za mwisho zilimweka mbele. Kwa hiyo matokeo yalipokuja tulishtuka kama watu waliomwagiwa maji usingizini, na jambo la kwanza lililotujia midomoni ni kwamba tumeibiwa. Hatukuhitaji ushahidi. Mshtuko wenyewe tuliufanya ushahidi.

Lakini turudi nyuma kidogo. Mombasa peke yake, ngome ya Azimio, Ruto alipata kura zaidi ya 100,000. Hao watu walikuwa wapi? Walikuwa wanasukuma mikokoteni ya maji kutoka kwenye kisima cha mtaa. Walikuwa Kongowea wakishusha magunia ya viazi saa kumi za usiku. Mmoja alikuwa chumba cha mwisho mkono wa kulia. Wilbaro ilipofanywa alama ya chama cha Ruto, sisi wa barazani tuliicheka, tukasema nani mwenye akili atachagua wilbaro. Hamali aliyekuwa akipita mbele yetu kila siku alikisikia kicheko hicho akanyamaza, akaenda nacho mpaka kwenye sanduku la kura. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Mlima Kenya nako ilikuwa hivyo hivyo. Uhuru aliwaambia watu wake wampigie Raila, na Martha Karua wa Kirinyaga akawa mgombea mwenza, lakini eneo lile likamwaga kura kwa Ruto. Tukaita usaliti. Hakuna aliyekuwa amekaa na mama muuza mboga akamwuliza bei ya mbolea kwao ilikuwa imefika wapi.

Sasa, hilo halina maana kwamba wenye shaka walikuwa wajinga, na hapa ndipo ninapowakasirikia wale waliotuambia tukae kimya. Sisi Mombasa tulikuwa na sababu ya kuishuku tume. Jioni ya kuamkia kura tuliambiwa uchaguzi wa gavana umeahirishwa, kwetu na Kakamega, kwa sababu karatasi zimechanganywa. Tulipiga kura ya rais tarehe 9, kisha tukarudi kwenye foleni tarehe 29 kwa ajili ya gavana. Ukimkosea mtu hivyo Jumatatu, Jumatatu inayofuata usimwambie akuamini kwa kuwa umevaa tai. Na zaidi ya nusu ya waliojiandikisha katika kaunti yetu hawakujitokeza hata siku ile ya kwanza. Hao nao walikuwa wametoa maoni yao.

Tulichohitaji ni mtu wa kukaa nasi akatuonyesha. Kwetu alikuwa kijana wa kidato cha tatu.

Siku iliyofuata, Juliana Cherera na wenzake watatu, wale makamishna wa Serena, walitokea tena wakasema asilimia za Chebukati zikijumlishwa zinatoa 100.01, na kwamba hiyo ziada ni kura kama 142,000. Barazani pakawaka moto. "Hiyo hapo! Mwizi hana hesabu!" Nami nilipiga kelele hizo. Kijana akaomba kimya, akatoa simu, akafungua kikokotoo, akapindua boksi la sigara na kuanza kuandika kwa nyuma. Kura zote halali za wagombea wanne: 14,213,027. Akatuuliza, asilimia moja ya hizo ni ngapi? Laki moja na elfu arubaini na kitu. Basi sehemu moja ya mia ya hiyo asilimia moja ni ngapi? Mzee wa kahawa akajibu kabla yetu: elfu moja na mia nne. Siyo 142,000.

Kisha akagawanya kura za kila mgombea mbele ya macho yetu. Ruto 50.4899, ukitaka tarakimu mbili tu baada ya nukta inakuwa 50.49. Raila 48.8491, inakuwa 48.85. Wajackoyah 0.436, inapanda kuwa 0.44. Waihiga 0.225 na kitu, inapanda kuwa 0.23. Wote wanne walipandishwa kidogo, na vile vidogo vinne vikijumlishwa ndiyo hiyo nukta sifuri moja. Hakuna hata kura moja iliyoongezwa. Ni hesabu ya darasani.

Sijasahau uso wa mzee yule. Hakufurahi, maana bado tulikuwa tumeshindwa, ila mabega yake yalishuka. Akalichukua lile boksi, akalitia mfukoni mwa kanzu. Jioni nilimsikia akiwaeleza wengine mlangoni mwa msikiti, taratibu, nambari kwa nambari.

Fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, nazo zilikuwa wazi kwenye tovuti ya tume kwa mara ya kwanza kwa namna ile, za vituo zaidi ya 46,000, mtu yeyote aweza kuzifungua. Tulifungua ya kituo chetu cha shule ya msingi. Nambari zilikuwa zile zile zilizobandikwa mlangoni usiku wa kura, hata jina la wakala wetu tuliliona na sahihi yake iliyopinda. Dakika kumi, na watu kumi na wawili wa barazani wakatulia kuhusu kituo chao. Je, kama kila mtaa ungekuwa na mtu wa kufanya hivyo? Badala yake redio zilitujazia wachambuzi wa kutuambia tusiwe na uchungu.

Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilitupa kesi ya kupinga matokeo kwa kauli moja ya majaji saba. Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais, kwa hiyo tulijua inaweza. Nilikubali hukumu, ila lugha iliyotumika kuzipuuza baadhi ya hoja iliniuma. Mtu akishindwa kesi mpe hukumu, usimpe na dharau juu yake. Watu walitoka pale wakiwa na jeraha la pili, na Machi 2023 lilipofunguka barabarani, kwa maandamano ya sufuria na mabomu ya machozi, baadhi yetu hatukushangaa.

Wakubwa wao walimalizana. Tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila walikaa meza moja KICC, Nairobi, wakatia sahihi makubaliano, na Oktoba mwaka huo Baba akatutoka, nchi nzima ikalia, rais akiwa miongoni mwa waliomlilia. Nilipoiona ile picha ya sahihi nilimfikiria kijana na fulana yake aliyoikunja, na mama na begi lake. Hakuna aliyekuja Kisauni na karatasi ya kuwapatanisha hawa. Wanaoshiriki bomba moja waliachiwa wamalizane wenyewe, na njia waliyoiona ni kutolizungumza kabisa.

Mimi nataka tulizungumze. Nataka mwaka 2027 mama huyu, akishinda, afungue mlango wake, apige vigelegele, aongeze sauti ya televisheni mpaka spika ikwaruze. Na akishindwa, aje alie ukumbini, nasi tumpe chai. Mimi pia nikishindwa nataka kulia bila kuambiwa nahatarisha amani ya nchi. Nikishuku, nionyeshwe fomu. Nyumba inayoweza kubeba sauti zote hizo kwa usiku mmoja ndiyo ninayoiita nyumba yenye amani. Ile ya 2022 haikuwa hivyo, ingawa hakuna kioo kilichovunjika.

Nimeanza kidogo kidogo. Mwezi uliopita nilimwambia mama kwamba siku ya matokeo televisheni yetu na yake ziwekwe ukumbini, zote mbili, kila mtu aangalie anayoitaka. Akacheka, akasema atafikiria. Nikamwuliza kama atapiga kura. Atapiga, akasema, hajawahi kuikosa. Kisha akainama kuokota mashina ya sukuma wiki yaliyoanguka, akaniambia bila kuniangalia kwamba lile begi hajawahi kulifungua. Liko chini ya kitanda mpaka leo.