Zambia walifutiwa madeni, mbona wamerudi palepale?

Kila kampeni ya kufuta madeni ya nchi maskini ikiibuka lazima mtu aitaje Zambia, anayepinga anaitaja na anayeunga mkono anaitaja, sasa tuanzie hapohapo tu.

2005 Zambia walimaliza masharti ya HIPC, ule mpango wa IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) na Benki ya Dunia ulioanza 1996 wa kupunguza madeni ya nchi maskini, na baada ya G8, lile kundi la nchi nane kubwa, kukubaliana Gleneagles kule Scotland mwaka huohuo wakasamehewa zaidi, deni la nje likashuka toka kama dola bilioni 7 mpaka chini ya bilioni 1. 2006 serikali ikaondoa malipo kwenye zahanati za vijijini. Sisi Bongo tulimaliza masharti hayohayo 2001, ndo kipindi ada ya shule ya msingi ilifutwa ikaja MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, na waliosoma enzi zile wanakumbuka madarasa yalivyofurika hadi watu wanakaa chini. Kwa hiyo anayesema kufuta madeni hakukusaidia kitu huyo simuelewi. Na haikuwa huruma ya wakubwa, watu kama 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji wa Birmingham Mei 1998 wakati G8 wanakutana, ile kampeni ya kudai madeni yafutwe iliyoitwa Jubilee 2000.

Haya sasa upande wa pili, na wana hoja wala tusiwadharau. Zambia hao hao 2012, 2014 na 2015 wakaenda soko la Eurobond, yaani kuuza hati za mkopo (bondi) kwa wawekezaji wa nje, wakakopa jumla dola bilioni 3, na mikopo mingine ya China juu yake, ilipofika Novemba 2020 wakashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Serikali mpya ilivyoingia 2021 ikakuta deni ni kubwa kuliko lililokuwa linatangazwa. Mwenye duka akikuchania daftari la madeni halafu kesho umerudi na orodha ndefu zaidi, lazima ajiulize. Hata Wakenya, ambao HIPC haikuwahi kuwafutia, wana haki ya kuuliza kwa nini anayelipa ndo anaonekana fala.

Ila hapa mimi nina swali langu. Ile bondi ya 2015 riba yake ilikuwa karibu asilimia 9. Riba kubwa hivyo si ndo malipo ya kubeba hatari? Sasa umelipwa miaka yote kwa ajili ya hatari, hatari yenyewe imefika unataka hela yako yote, hiyo ni biashara gani? Na kuna wabaya zaidi. Kampuni moja inaitwa Donegal International ilinunua deni la zamani la Zambia toka Romania 1999 kwa dola zisizozidi milioni 4, ikaenda mahakamani London kudai milioni 55, na 2007 ikapewa kama milioni 15, yaani hela ya msamaha inaingia mfuko wa kulia inatokea wa kushoto. Uingereza ilikuja kutunga sheria 2010 kuwabana watu wa namna hiyo lakini inahusu madeni ya zamani ya nchi za HIPC, bondi za juzi hazimo.

Ndo maana naunga mkono kampeni ila naona inapiga kelele sehemu moja tu. Zamani ukiwabana G8 umemaliza, leo wenye hela ni China na wenye bondi, na bondi nyingi za Afrika zinafuata sheria ya Uingereza, kwa hiyo mabango yapelekwe bunge la London, na mengine Lusaka na Dodoma kudai mikataba ya mikopo iwekwe wazi kabla haijasainiwa.

Zambia wenyewe walisota. Serikali za nchi zilizowakopesha zilikubali kupanga upya madeni Juni 2023, wenye bondi 2024, na zile serikali hazikufuta kihivyo, zimesogeza tu malipo hadi 2043, tena kuna kipengele kwamba uchumi ukikaa vizuri Zambia inalipa zaidi na haraka zaidi.