Matairi na springi za trela ya safari: kiwanda kimetosha, au tuongeze?

Huko Marekani, anayenunua trela ya safari, ile nyumba ndogo inayovutwa na pikapu, huoneshwa jiko, friji, vitanda na bafu. Chini hachungulii, na huko chini ndiko kiwanda kilikobana matumizi. Wenye trela wamegawanyika. Wapo wanaobadili matairi, rimu na springi kabla ya safari ya kwanza, na wapo wanaosema aliyeiunda alipiga hesabu zake, asiingiliwe. Kwa maoni yangu, wa kwanza wana haki kwenye matairi. Kwenye springi, hoja ya wa pili ina uzito kuliko inavyopewa.

Trela huvaa matairi yake maalumu, yenye herufi ST (Special Trailer) ubavuni. Ubavu wake ni mgumu, kwa kuwa trela ya ekseli mbili ikikata kona kali matairi huburutwa kwa upande, na ubavu laini huiacha trela ikiyumba nyuma ya gari. Chukua saizi inayoonekana sana, ST225/75R15. La daraja D (herufi hiyo huonesha uwezo wa kubeba) hubeba takriban kilo 1,150 likiwa na upepo wa psi 65, yaani pauni 65 kwa kila inchi ya mraba. La daraja E, saizi ileile, hubeba takriban kilo 1,280 kwa psi 80. Kwa matairi manne, hiyo ni akiba ya zaidi ya kilo 500.

Akiba hiyo ina kazi. Mzigo haugawanyiki sawa kama karatasi za kiwanda zinavyodhani: upande wenye jiko na matangi ya maji unaweza kulemewa huku wa pili ukipumua. Tairi lililozidiwa hupata joto, utepe wa juu hubanduka, na unapochapa huku gurudumu linazunguka hupasua sakafu, nyaya, pengine hata bomba la gesi. Isitoshe, matairi mengi ya ST ya zamani yalipimiwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105, ilhali barabara kuu za majimbo kadhaa zinaruhusu maili 75 au zaidi. Ndiyo sababu tairi la Goodyear Endurance, lililoingia sokoni 2017 likiwa limepimiwa kilomita 140 kwa saa, lilipokewa vizuri.

Lakini wanaopinga wana jambo hapa ambalo wauzaji hulipitia haraka. Tairi la daraja E likijazwa psi 65 hubeba kile kile kinachobebwa na la daraja D. Faida huja upepo unapoongezwa, na si kila rimu inastahimili psi 80. Kipimo chake hugongwa nyuma ya rimu yenyewe. Valvu za kawaida za mpira nazo huishia psi 65, kwa hiyo zinatakiwa za chuma. Anayenunua matairi mapya na kuacha rimu na valvu za zamani amelipia uwezo asioweza kuutumia. Na kwa trela nyepesi, psi 80 ni ugumu mtupu: milango ya makabati inafunguka, misumari inalegea.

Kwenye springi nasita zaidi. Trela nyingi hukaa juu ya springi za vyuma bapa, na bolti zake hupita ndani ya bushi za plastiki. Bushi hizo huisha mapema, chuma kikala chuma, tundu likapanuka, ekseli ikakaa upande na kuyala matairi mapya. Kuweka bushi za shaba na bolti zinazopitisha grisi ni gharama ndogo, na sijasikia hoja nzito ya kuipinga. Ila mifumo ya mpira inayolipatia kila gurudumu springi yake hugharimu maelfu ya dola. Safari huwa laini kweli, lakini uzito unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibati cha trela, hauongezeki hata kilo moja. Hali ni hiyo hiyo kwa ekseli nene: springi zake ngumu zimeumbwa kwa mzigo mkubwa, na chini ya trela nyepesi zinarusharusha tu.

Kuhamishia springi juu ya ekseli ili trela inyanyuke nakukubali kwa anayeingia njia za mawe au mwenye pikapu ya juu inayoinua pua ya trela. Kwa anayelala kambi za lami, ni kupandisha kitovu cha uzito na kuukaribisha upepo wa ubavuni.

Kwa hiyo kabla ya dukani, pita kwenye mizani ya malori ukiwa umejaza maji na mizigo yote, na ukipata mahali pa kupima gurudumu moja moja, pima hivyo. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT (ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la umri huo linafaa kutolewa hata kama meno yake bado yamesimama. Ukishafunga rimu mpya, nati zikazwe tena baada ya maili 10, 25 na 50.