Mzigo Ukichelewa, Sema

Kinachoniumiza kuliko yote katika biashara za kuagizana kwa simu hapa Tanga ni mtu kukata mawasiliano mambo yanapoharibika. Mzigo ukiwa tayari anakutafuta alfajiri, salamu ndefu, habari za nyumbani, watoto hawajambo. Mvua ikinyesha, gari likaharibika au bei ya shambani ikapanda, huyohuyo hapokei simu. Tiki mbili za buluu unaziona, kwa hiyo ujumbe ameusoma, na jibu hakuna. Kesho kutwa anaibuka: "Samahani dada, simu haikuwa na chaji."

Nauza viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu kutoka milima ya Amani, wilayani Muheza. Wateja wangu wako Tanga mjini, Dar es Salaam na wachache Arusha, na wengi wao hatujawahi kuonana ana kwa ana. Wanamtumia pesa mtu wasiyemjua sura. Wanachonijua nacho ni jinsi ninavyowajibu, basi.

Kuna mkulima mmoja ninayechukua mzigo kwake, baba wa makamo, asiyependa kabisa kuandika. Siku moja nilikuwa na oda ya iliki ya kupakia basi la asubuhi. Usiku wake, watu wameshaswali isha, ikaingia picha: turubai la bluu, iliki zimetandazwa, upande mmoja zimeshika unyevu na zimeanza kugeuka rangi. Chini yake sauti fupi: "Mwanangu, mvua imetuwahi. Kilo 12 ni nzuri, hizo chukua. Zilizobaki nazianika upya, Alhamisi zitakuwa zimekauka. Mwambie mwenyewe mapema." Nikamrushia mteja picha ileile na maneno yaleyale. Akajibu nimtumie kwanza hizo 12, nyingine atasubiri.

Mkulima angenyamaza, ningedamka kwenda stendi ya Kange kusubiri kisichokuja, huku Dar kuna mtu amemtuma bodaboda kupokea mzigo ambao haujaondoka. Mzee yule alisema kilichotokea, akasema kilichopo mkononi, akataja siku ya vilivyobaki, na hakujitetea hata kwa neno moja. Ziko iliki za bei nafuu kuliko zake, naletewa kila msimu. Sijamhama.

Najua kwa nini watu wananyamaza. Tumelelewa kuona haya kumpelekea mtu habari mbaya, hasa aliyekwishatoa pesa yake. Tunaona afadhali tumwambie "iko njiani" tukiomba Mungu iwe njiani kweli. Nia si ya wizi. Lakini aliye upande wa pili haoni haya yako. Anaona kimya tu, na kimya cha mtu aliyepokea pesa kinafanana sana na utapeli. Hapo ndipo wauzaji wazuri wanapojiharibia jina.

Zamani kimya hicho kilivumilika, kwa sababu tulijuana. Aliyekudai alijua unakaa barabara ya ngapi pale Ngamiani, mama yako ni nani na ijumaa unaswali msikiti gani. Sasa mji unafunguka. Bandari yetu, ambayo meli zilikuwa zikitia nanga mbali na mizigo kuletwa kwa matishari, ina gati la mita 450 lenye kina cha mita 13. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, la kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa Chongoleani. Wanakuja wasafirishaji, mawakala wa forodha, wapishi wa kambi, watu wasiokujua wewe wala mtaa wako. Kwao ujumbe wako ndio sura yako, ndio mtaa wako, ndio mdhamini wako.

Na hawa tunaofahamiana nao juujuu tusiwadharau. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba waliopata kazi kupitia watu, mara nyingi habari za kazi hizo waliletewa na mtu wa kuonana naye mara mojamoja, si rafiki wa karibu. Ukifikiri unaona inaingia akilini: rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Mwaka 2022 watafiti wakalipima jambo hilo kwa watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, matokeo yakatoka katika jarida la Science: watu wa kufahamiana kiasi ndio waliosaidia zaidi wengine kupata kazi mpya. Mimi mteja wangu mkubwa wa mdalasini nililetewa na dalali wa machungwa wa Muheza. Hatujawahi kuuziana hata kitu kimoja. Aliwahi kuniulizia tangawizi, nikamwambia sina, nikampa namba ya mwenye nayo, yakaisha. Angekuwa ameachwa na tiki mbili za buluu, sidhani kama angenikumbuka.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoamini kwamba kujitangaza ni kumwaga picha kwenye kila grupu. Brodikasti ya WhatsApp yenyewe ina sharti lake: unaweza kuwatumia watu hadi 256 kwa mpigo, lakini unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi haoni kitu, hata ukituma mara kumi kwa siku. Na mtu anahifadhi namba ya aliyemjibu vizuri. Lile la "bei njoo inbox" nalo linanichosha. Kama bei ni halali, iandike hadharani, mtu ajipime mwenyewe kabla hajakusumbua wala hujamsumbua.

Salamu tuendelee nazo, ni zetu na ni nzuri. Ila salamu na shida viende katika ujumbe mmoja. Ukiniandikia "Mambo" ukanyamaza, na mimi niko sokoni Mgandini mikono imejaa mizigo, jibu utalipata jioni, na oda yako itakuwa imepitwa na basi.

Wanunuzi nao wana deni hapa. Unaomba nikuwekee kilo 5 za pilipili manga, nazitenga, nawakatalia wengine, kisha unapotea. Umepata kwingine kwa bei nafuu? Ni haki yako. Niandikie tu: "Dada, nimeghairi, uza." Sitakuuliza umenunua wapi, na ukirudi msimu ujao nitakuwekea tena. Ila nikikuona umesoma jumbe zangu tatu na hujajibu, safari nyingine nitakuomba utangulize pesa yote.