"Endelea na magnesiamu" si agizo kamili

Raundi ya asubuhi ikiisha, faili la mama mwenye kifafa cha mimba mara nyingi hubaki na mstari mmoja kuhusu magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege: "Endelea na magnesiamu." Daktari anakwenda chumba cha upasuaji. Tangu hapo mama yuko mikononi mwa muuguzi mkunga, na mstari ule haumsaidii muuguzi huyo hata kidogo.

Dozi ya kwanza haina utata: gramu 4 kwenye mshipa, yaani mililita 8 za dawa ya asilimia 50 pamoja na mililita 12 za maji ya sindano, polepole kwa dakika 5, kisha gramu 5 katika kila tako. Hatari iko kwenye gramu 5 zinazorudiwa kila baada ya saa 4. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Mkojo ukipungua, dawa inajilimbikiza: goti linaacha kuruka likigongwa, halafu pumzi inalegea. Anayeyaona hayo saa nane za usiku ni muuguzi.

Basi daktari aandike mipaka: sindano itolewe iwapo mama anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka, na mkojo wa saa 4 si chini ya mililita 100. Kimoja kikikosekana, muuguzi asitoe, apige simu. Pumzi ikisimama, amsaidie mama kupumua kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa) na kumchoma kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu, gramu 1 polepole kwenye mshipa, bila kungoja simu ipokelewe. Kumtaka muuguzi aombe ruhusa hapo ni kumwonea yeye na mgonjwa wake.

Na muuguzi naye ana deni. "Mgonjwa anaendelea vizuri" haimwambii daktari chochote. Aandike namba: presha, pumzi, goti, mkojo, saa. Akipiga simu aanze na hizo: "Presha 170/110, mkojo mililita 60 tangu saa nne, goti haliruki, sindano ya saa nane nimeizuia." Daktari akitoa agizo kwa simu, muuguzi alirudie kwa sauti, dawa na kiasi, kabla ya kukata. Asubuhi daktari atie sahihi.

Raundi ifanywe muuguzi wa zamu akiwa kando ya kitanda, apewe nafasi ya kusema kwanza. Kalsiamu nayo ikae kwenye trei ya dharura wodini, si kwenye kabati ambalo ufunguo wake umekwenda nyumbani na mtu wa zamu iliyopita.