Mbu hajali dawa imetoka wapi

Neno "asilia" likibandikwa kwenye kichupa cha dawa ya mbu, mnunuzi husoma "salama". Hapo ndipo mjadala wa dawa za mimea na za kiwandani unapoharibika. Mmea hutengeneza sumu yake ili usiliwe, si kwa faida yetu. Nikotini ni ya mmea. Utupa unaolevya samaki nao una sumu iitwayo rotenoni.

Hata hivyo, wanaotetea mimea wana hoja, na pareto ndiyo shahidi wao mkubwa. Piretrini iliyomo katika maua yake huvuruga neva za mbu akaanguka upesi, kisha jua huivunjavunja. Haikai sana kwenye mazingira, na hiyo ni sifa. Lakini chandarua kinahitaji dawa inayodumu. Ndiyo maana wakemia walianza kuiiga molekuli hiyo: alethrini ikapatikana mwaka 1949, na mwaka 1973 ikatangazwa pamethrini isiyoogopa jua. Jamii hiyo ya dawa ndiyo iliyoingia kwenye vyandarua, na mbu wakajenga usugu. Sasa wapo wanaosema turudi kwenye ua lenyewe. Tatizo ni kwamba ua na dawa ya kiwandani hupiga mahali pale pale kwenye neva, kwa hiyo mbu ambaye neva zake zimebadilika huzistahimili zote mbili.

Kwa dawa za kupaka kwenye ngozi ili kufukuza mbu, habari ni mchanganyiko. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa bidhaa za sitronela, mafuta ya nyasi zenye harufu ya limau, zilikinga kwa chini ya dakika 20, huku DEET, dawa ya kiwandani, ya asilimia 23.8 ikikinga kwa takriban saa 5. Ila PMD, kemikali itokanayo na mkaratusi wenye harufu ya limau, inafanya kazi vizuri kiasi cha kupendekezwa na mamlaka za afya za Marekani tangu 2005, ingawa si kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Tena si sawa na mafuta ghafi ya mti huo, ambayo yana PMD kidogo mno.

Mimi naona nafasi nzuri zaidi ya mimea iko majini. Azadiraktini, kemikali ya mwarobaini, huvuruga homoni za viluwiluwi, wakashindwa kujibadilisha kuwa mbu. Isitoshe, dondoo la mmea lina kemikali nyingi kwa pamoja, na ni vigumu zaidi kwa mdudu kuzizoea zote kuliko kuzoea moja.

Lakini kuua viluwiluwi, kwa dawa yoyote ile, kunafaa pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na rahisi kuyapata. Matokeo ya kwenye bilauri ya maabara hayahamii moja kwa moja kwenye dimbwi la tope linalopigwa na jua. Na nguvu ya mwarobaini hubadilika kwa udongo, kwa msimu, hata kwa jinsi mbegu zilivyokaushwa. Anayetwanga na kuloweka mwenyewe anakisia tu kipimo.